Lotisman juu ya chemchemi: vile kijiji kimoja cha Kabare kilipinga mradi wa nyumba, na nani alibaki inje ya barua

Mbele ya kuanza

Kisa hiki kilitokea mu teritwari ya Kabare, ile inayozunguka muji wa Bukavu, mashariki ya Kongo, kabla ya Februari 2025, wakati M23 ilichukua Bukavu na ikabadilika nani anakaa mu buro gani. Majina nimeyatoa yote, ya kijiji, ya mulima, ya kampuni, ya shefu na ya watumishi wa serikali, na hesabu nimeziacha za karibu tu ili mutu asitambulike. Ninaandika juu vijiji vingi vya pembeni ya Bukavu viko mu njia ile ile: muji umejaa, kupata parseli mu komini za muji kama Ibanda ao Kadutu imekuwa ya wenye dola, basi watu wanapanda milima kutafuta nafasi, na siku moja jeometre, mupimaji wa udongo, anafika kwenu na vijiti vyake vyekundu na hakuna aliyewaambia kitu.

Kijiji na udongo wake

Kaya hazifiki mia mbili. Juu kabisa kuna mikalitusi na malisho, katikati nyumba na migomba, chini kuna kishanga, bonde lenye maji, ambamo wamama wanalima maharagi na mboga wakati wa kiangazi, halafu upande wa barabara kuna mashamba ya mihogo na viazi. Chini kidogo ya malisho inatoka chemchemi moja, ilijengewa zamani na simenti na mipira miwili, na njo maji ya kijiji kizima juu bomba za muji hazifiki huko.

Bila kujua vile udongo wa Bushi, inchi ya Bashi inayozunguka Bukavu, unavyoshikwa huwezi kuelewa kisa hiki. Kuna kalinzi: mutu alimupa mwami ao shefu wake ng'ombe (siku hizi mara nyingi makuta), mbele ya mashahidi, akapata shamba analoachia watoto wake na wajukuu. Na kuna bwasa: mutu analima shamba la mwenye kalinzi kwa muda, musimu moja ao mwaka, analipa kwa makuta, kwa mavuno ao kwa kazi ya mikono, na haruhusiwi kupanda kitu cha kudumu, hakuna mgomba, hakuna kahawa, hakuna muti, juu muti njo alama ya mwenye shamba. Wengi wa bwasa ni wamama, wajane, na vijana ambao baba zao hawakubaki na kitu cha kugawa.

Juu ya hayo yote kuna sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973, inayosema udongo ni mali ya Serikali peke yake. Kuhusu udongo ambao watu wa vijiji wanakaa na kulima kwa desturi, sheria hiyo hiyo ku artikle 389 iliahidi kwamba Rais ataweka ordonansi ya kupanga haki zao, na mupaka kisa hiki kinapita ile ordonansi haikuwa imetoka. Kwa hiyo mutu wa kalinzi iko na haki ambayo kila mutu ku mulima anaijua, lakini ku kadasta, buro ya vipimo na hati za udongo, haina karatasi. Kilichopo cha kushika ni Konstitisio ya 2006, artikle 34, inayolinda mali ya mutu ao ya watu pamoja iliyopatikana kwa sheria ao kwa desturi. Ile «ao kwa desturi» muiwekee alama, itarudi.

Vile ilianza

Kampuni moja ya muji iliomba hekta karibu 30 kwa kufanya lotisman, ni kusema kukata udongo mu parseli mia kadhaa za kuuza, na barabara mbili mu kati. Shefu wa lokalite alisaini karatasi ya kusema udongo ule ni bure, haukaliwi, haulimwi. Baadaye alisema hakusomewa yote, aliambiwa ni ya kuruhusu vipimo tu. Mimi ninaamini nusu ya maneno hayo, lakini nusu ile inatosha kwa kuelewa: shefu wa lokalite hana mshahara wa maana, hana sekretere, na mutu aliyeshuka ku gari na kofia ya buro akimwekea karatasi mbele, kukataa ni kazi kubwa.

Ku karatasi ile ikajengwa PV ya ankete, ni kusema ripoti rasmi ya uchunguzi. Sheria ya 1973 (artikle 193 na zinazofuata) inasema udongo wa vijijini hautolewi bila ankete ya kuona kama kuna haki za watu wengine, na ankete hiyo inapaswa kueleza nafasi yenyewe, kuhesabu watu wanaokaa hapo ao wanaofanya kazi yoyote hapo, kusikiliza malalamiko ya mudomo na kupokea ya maandishi. PV ya hapa ilikuwa na ukurasa moja na nusu. Kwa watu wote waliopo iliandika: hakuna. Chemchemi haikutajwa. Kishanga kiliitwa «pori lenye maji».

Kijiji hakikujua kitu cha hiyo PV. Kilichoonekana ni jeometre na vijana wake wakipanda borni za simenti, alama za mipaka, mu mashamba ya watu, siku ya soko, wakati wamama wengi hawapo.

Usiku wa borni

Usiku moja borni karibu zote ziling'olewa. Asubuhi polisi wakapanda, wakashika vijana wawili ambao walikuwa tu karibu na barabara, na kwa siku kadhaa maneno ya kijiji yakageuka, haikuwa tena udongo, ilikuwa ni kutafuta makuta ya kutoa watoto. Kung'oa borni ni kosa mu sheria ya Kongo, na kampuni ilipata zawadi pale: ku buro ya teritwari kijiji kikaanza kuitwa «wale wakorofi wa mulimani», na barua ya kwanza ya wazee, iliyosema tu «hatutaki, huu ni udongo wa babu zetu», ikawekwa chini ya makaratasi mengine.

Ninasema hivi kwa sababu nimesikia watu wakihadisia ile usiku kama ushujaa. Hasira ilikuwa ya haki kabisa, lakini iligharimu kijiji karibu mwezi, na ilimupa nguvu mutu aliyekuwa mu makosa.

Maamuzi yaliyochukuliwa na sababu zake

Paroko na mwalimu moja wa shule ya musingi njo waliita mukutano ku uwanja wa kanisa, na hapo ikachaguliwa komite ya watu saba. Wanaume sita, mama moja, Mama mwenye kusimamia chemchemi. Tutarudi kwa hesabu hiyo.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa hakuna mutu kugusa borni tena, hata moja, na komite ilipita nyumba kwa nyumba kusema hivyo. Vijana hawakufurahi. Lakini kulikuwa na vijana wengine ambao walitaka mradi uje, juu ya kazi ya mawe na mchanga, na juu ya ndoto ya kupata parseli yenye sertifika, hati ya serikali ya udongo, karatasi ambayo baba zao hawakuwahi kushika. Mwalimu aliwatetea mu mukutano kwamba hawa si wasaliti, wanataka maisha, na wakawekwa mu kazi ya kupima. Hiyo ilikuwa akili nzuri sana: kijana aliyezunguka mashamba na kalamu mu mkono hakurudi tena kusema udongo ule ni bure.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuacha kubishana juu ya mradi na kuanza kubishana juu ya PV. Avoka moja wa Bukavu, anayesaidia vijiji bila kudai makuta mengi, aliwaeleza kwa ufupi: mukisema hamupendi nyumba, mutu wa buro atawajibu kwamba muji unahitaji nyumba, na iko na haki. Lakini mukisema ankete haikuhesabu watu, hapo hana jibu, juu artikle 204 ya sheria ile inasema kontra iliyofanywa bila kufuata njia ya ankete ni bure, na sertifika inayotoka mu kontra hiyo pia ni bure. Akaongeza kitu kilichowaamusha wote: sertifika ikikaa miaka miwili bila kushambuliwa, huwezi tena kuivunja, unabaki tu na kuomba fidia. Kampuni ilikuwa bado na kontra tu, sertifika haijatoka. Kungoja kungekuwa kupoteza.

Wazee wengine walitaka kwenda tribinali moja kwa moja. Komite ikakataa, kwa sababu mbili ambazo ninaziona za busara: makuta ya kesi hayakuwepo, na kesi ingefungia kila mutu mu msimamo wake wakati Administrateri wa teritwari, yule tunaita AT, njo mwenye kazi ya ankete na angeweza kuifungua tena bila aibu kubwa. Tribinali iliwekwa kama mulango wa nyuma, na barua ilisema wazi kwamba mulango huo upo.

Uamuzi wa tatu ni daftari. Vijana, wakiwa na wazee wanaojua mipaka, walitembea udongo wote ulioombwa, shamba kwa shamba, wakaandika mwenye kalinzi ni nani, alipewa na nani, shahidi yupi yuko muzima bado, kuna migomba mingapi, miti mingapi, kaburi, nyumba, njia ya ng'ombe. Simu ikachukua nukta za GPS na picha. Mwenye shamba anasaini ao anaweka kidole, na majirani wawili pia.

Ya ine ilikuwa maji. Mwalimu wa chuo kikuu moja, mutu wa jeolojia, alikubali kupanda mulima na kuandika kurasa ine tu. Hakuandika maneno makubwa. Alionyesha kwamba parseli mia kadhaa juu ya chemchemi ni vyoo vya shimo mia kadhaa juu ya maji ya kunywa, mu jimbo ambalo kipindupindu ni mugeni wa kila mwaka. Halafu alionyesha mteremko: udongo wetu wa mufinyanzi uliotoka ku mawe ya volkano, ukikata miti juu na kuchimba misingi katikati, mvua inakaa ndani na mulima unaanza kutembea. Watu wa Bukavu hawahitaji kufundishwa hiyo, Funu, kartie moja ya muji, inatembea mbele ya macho yao, nyumba zinapasuka na watu wanazikarabati tena. Na ilikuwa baada ya Mei 2023, wakati mvua ilishuka ku Bushushu na Nyamukubi kule Kalehe na watu zaidi ya 400 wakafa mu siku moja. Hakuna mutumishi aliyetaka jina lake likae ku karatasi ya mulima unaofuata.

Barua ya pili ilikuwa ya kurasa mbili, na daftari na kurasa za jeolojia zikiwa nyuma. Iliomba vitu vitatu: kopi ya PV, ankete mpya mbele ya watu, na itidi (uchunguzi) ya mazingira ambayo sheria ya 2011 ya kulinda mazingira inadai kabla ya mradi unaoweza kuharibu, na inayopitia ku Agence Congolaise de l'Environnement, buro ya serikali ya mazingira. Kampuni haikuwa nayo. Kopi zilienda kwa AT, kwa konservateri wa hati za udongo, kwa buro ya sheferi na kwa buro ya mazingira ya jimbo, na kila kopi ilirudi na muhuri wa kupokelewa na tarehe. Buro moja ilikataa kupiga muhuri, basi paroko na Mama wa chemchemi walikaa ku benchi mupaka saa ya kufunga, na muhuri ukapigwa.

Siku ya ankete ya pili

AT alifungua tena ankete. Sitaki kumpamba, muhuri nyingi zilimsukuma, lakini angeweza kuchelewesha na hakuchelewesha. Alikuja mwenyewe na sekretere, wakazunguka nusu ya siku, halafu watu wakasema mbele yake. Muwakilishi wa kampuni alikuwepo, alikuwa na heshima, alisema walinunua kwa nia njema na karatasi ya shefu ilikuwa mbele yao.

Mama moja muzee aliomba neno, akasema: «Papa Administrateri, hapo waliandika hakuna mutu. Mume wangu amezikwa hapo. Sasa mimi ninamuletea maua nani?» Sekretere aliandika. Shefu wa lokalite naye akasimama, akasema mbele ya wote kwamba karatasi yake haisemi ukweli na anaiondoa. Ilimgharimu, na tangu siku ile wazee walimurudishia salamu.

PV mpya ilikuwa na kurasa 11 na daftari lilishonwa ndani yake.

Matokeo

Haikuwa ushindi wa yote. Baada ya mazungumuzo ku buro ya teritwari, kampuni iliacha mteremko wote wa juu ya chemchemi, malisho na kishanga, ikabaki na upande wa barabara, karibu sehemu moja ya tatu ya ile iliyoombwa. Wenye kalinzi wa upande huo walilipwa, shamba kwa migomba na miti yake, na wengine walichukua parseli mu nafasi ya makuta. Chemchemi ilichorwa ku mupango na duara la kuizunguka ambamo hakuna kujenga. Vijana wawili walikuwa wametoka zamani, dosie yao ikafungwa. Nyumba za kwanza zilianza kujengwa upande wa barabara, na leo kuna vijana wa kijiji wanaopata kazi humo.

Na kaya kama ishirini na kitu zilipoteza mashamba bila kupata hata franka. Karibu zote zilikuwa za bwasa.

Wale wa bwasa

Hapa njo ninataka kukaa, juu watu wakihadisia kisa hiki wanakipita haraka.

Daftari lilikuwa na kolone ya mwenye kalinzi. Halikuwa na kolone ya mwenye kulima. Hakuna aliyekaa chini akasema tuwaache wajane inje, haikuwa ubaya, ilikuwa ni vile tu mutu wa Bushi akiulizwa «shamba hili ni la nani» anataja jina la mwenye kalinzi, na jibu hilo ni la kweli. Lakini sheria yenyewe, ankete yenyewe, inauliza swali pana zaidi: nani anakaa hapa ao anafanya kazi yoyote hapa? Kwa swali hilo mama wa bwasa iko ndani kabisa. Kampuni ilikuwa imeandika hakuna mutu, na kijiji kwa kujibu kiliandika watu nusu.

Halafu njia ya kuhesabu iliongeza kidonda. Fidia ilifuata migomba na miti. Mwenye bwasa anakatazwa kupanda migomba na miti. Kwa hiyo alama ile ile ambayo desturi inamunyima njo serikali ilitumia kumuhesabia, na akatoka sifuri, hata kama amelima pale miaka kumi, kodi analipa kila musimu, watoto wanasoma kwa mihogo ile. Mihogo ilikuwa ndani ya udongo wakati wa kusaini. Wengine walipewa wiki chache za kung'oa ikiwa bado midogo.

Na wenye kalinzi walipolipwa, hawakulazimishwa kugawa. Wachache waligawa kwa moyo wao. Mzee moja alimupa mjane aliyekuwa anamulimia shamba lingine kule juu, bila kodi kwa misimu miwili, na ninaliandika juu inaonyesha kwamba njia ilikuwepo.

Ingekuwa na wamama watatu ao wane mu komite, hili lingeonekana ku wiki ya kwanza. Mama wa chemchemi alilisema, ninajua juu aliniambia na wengine walithibitisha, lakini alikuwa moja kati ya saba, na siku ile walikuwa wanakimbiza tarehe ya barua. Walimujibu kwamba mambo ya bwasa ni ya ndani, yatapangwa nyuma. Nyuma hayakupangwa.

Yaliyofanya kazi, na mengine yaliyolegea

Kitu kilichobeba kazi yote ni kushika PV. Barua ya kwanza iliomba buro ipende babu za watu, ya pili iliomba buro ifanye kazi yake, na ya pili njo ilijibiwa. Desturi haikutupwa: artikle 34 ya Konstitisio iliwekwa ku mustari wa kwanza kabisa, ili mutu asiseme kalinzi ni hadithi ya kijijini. Lakini desturi ilikuja na majina, mashahidi na nukta za GPS.

Kurasa ine za jeolojia pia. Nimeona dosie zingine zenye ripoti za kurasa mia moja ambazo hakuna mutu wa buro aliyezifungua.

Kilicholegea ni makuta. Kila kaya ilikotiza kwa ajili ya usafiri, fotokopi na kutoa vijana, na hakukuwa na daftari la makuta kama lile la mashamba. Sijaona alama kwamba kuna aliyekula, lakini maneno yalianza, na mutu moja wa komite aliacha kazi katikati kwa uchungu. Kusoma hesabu kila Jumapili baada ya misa kungefunga midomo ile.

Kilicholegea tena ni ahadi. Kampuni ilikubali kwa mudomo kutengeneza mifereji ya maji ya mvua kando ya barabara mpya na kujenga robine (bomba la maji) ya watu wote. Mu karatasi iliyosainiwa mifereji iko na tarehe, robine haiko. Mifereji ilichimbwa. Robine bado.

Vile mambo iko sasa

Wamama wa bwasa walijipanga wenyewe, na wanaomba wenye kalinzi wa kishanga kuandikiana nao kontra za misimu mitatu, zenye mashahidi, na neno kwamba udongo ukiombwa na mutu wa inje, mwenye kulima atalipwa mazao yake kabla ya kutoka. Wenye kalinzi wachache wamesaini, wengi wanangoja kuona, juu wanaogopa karatasi ya bwasa isije ikala kalinzi. Paroko anawakutanisha.

Kijiji cha jirani, ambacho nacho kimeona jeometre, kilikuja kuomba daftari kwa kulifanyia mufano. Mama wa chemchemi aliwapa, akawaambia wachore kolone mbili mbele ya kuandika jina la kwanza: mwenye shamba, na anayelima leo.